Usimwambie Kabla ya Fainali

Mabanda, Makamba
Jumamosi, 2 Novemba 2024

Mdogo wangu Rita,

Bwana asifiwe. Nimekaa nje ya chumba cha mama yangu, maana ndani amesinzia na sitaki kumwamsha. Huku Burundi kwetu simu inashika kule juu tu, karibu na kanisa, na nikifika huko nakuta watu wamejipanga kama kwenye bomba la maji, kila mmoja anaongea kwa sauti na mtoto wake wa Ulaya. Mambo yangu siwezi kuyasema mbele yao. Kwa hiyo nitakuwa naandika hapa nyumbani kidogo kidogo, na siku ya soko nikipanda juu naituma barua yote. Na wewe niandikie hivyo hivyo. Usinipigie, utapiga mpaka uchoke.

Mama hataki kula. Anaonja uji, kisha anageuza uso ukutani. Miaka yote hii nimewaosha na kuwalisha wazee wa Waswidi, nikadhani nimezoea. Sijazoea. Mzee wa watu ukimgeuza kitandani unaumwa mgongo. Mama yako mwenyewe ukimgeuza, kinachouma ni kitu kingine.

Ninachotaka kukuomba ni habari ya Axel. Najua ana miaka ishirini, ni mtu mzima. Lakini nyumba ile ya Hjulsta nisipokuwepo ni kuta tu. Ule ufunguo niliokuachia usikae kwenye mkoba, utumie. Pita umwone, umpikie kitu. Akikuambia "det är lugnt" usimwamini. Kwake hilo ni jibu la kila kitu, hata akiwa na homa hakuna shida. Mimi nikimpigia ananijibu maneno mawili ya Kiswidi na nasikia vidole vyake bado vinabonyeza kompyuta.

Bibi yake anamuulizia kila anapoamka. Unajua ndiye aliyemlea kule kambini Kigoma, kabla sisi hatujaletwa Sweden na yeye kurudishwa huku. Juzi aliniuliza kama siku hizi Axel anaota kwa Kiswidi. Nilimwambia sijui.

Dada yako,
Elvire

*

Hässelby, Stockholm
Jumanne, 5 Novemba 2024

Mama Axel,

Pole kwa kuuguza. Nimesoma barua yako kazini, nimeegemea mashine ya kahawa, na mwenzangu akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia bado.

Axel nilimwona Jumapili. Nilimpikia ugali na maharage, unga ni wa lile duka la Mkongo pale Husby. Alikula amesimama. Amekonda kidogo, si sana. Wanafanya mazoezi kutwa nzima huko Kista, mapazia yamefungwa, ukitoka nje huwezi kujua kama ni asubuhi au jioni. Lakini wamefuzu. Timu yake imeingia fainali, Jumapili tarehe 24, hapa hapa Stockholm, katika ukumbi wa hoki. Watatandaza mbao juu ya barafu na kujenga jukwaa juu yake.

Umeniuliza mara nyingi kazi yangu hasa ni nini, na kila mara nimekujibu kwa mkato. Basi ni hivi. Kampuni yetu inaandaa mashindano ya michezo ya kompyuta na kuyarusha kama mpira unavyorushwa. Vijana watano upande huu, watano upande ule, wanawindana ndani ya mji usiokuwepo popote, na ukumbi mzima umejaa watu wanaopiga kelele. Mimi nakaa nyuma ya ukumbi kwenye gari la matangazo, mbele ya skrini nyingi, nasema: kamera ya pili, kamera ya nne, rudi kwenye mchezo, zima taa, funga kipaza sauti. Ninachosema ndicho dunia inachokiona. Nimefanya hivyo tangu Axel akiwa shule ya msingi. Siku hizi nikifika nyumbani nafumba macho na bado najisikia nikibadilisha kamera. Nimechoka, Mama Axel. Huu si ule uchovu wa kulala ukaisha.

Mwezi wa tisa tulirekodi kipande kifupi cha video cha Axel. Anamsalimia bibi yake kwa Kiswahili, anasema akipata kombe atampelekea awekee mahindi ndani. Mkuu wangu, Josefin, anakipenda mno, anataka kukifungulia fainali. Mtoto mwenyewe kila akiniona huanza na swali hilo, hata kabla ya salamu: Bibi anaendeleaje? Nimwambie nini?

Wako,
Rita

*

Mabanda
Jumamosi, 16 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Mama ametutoka. Jumanne asubuhi nilikuwa namwosha miguu, akasema maji yana joto zuri, na hakusema tena. Tulimzika Alhamisi, upande wa nyuma wa shamba. Walikuja watu wengi, hata wengine tuliokuwa nao kambini, nyuso nilizodhani zilikufa zamani. Mimi mwenyewe bado sijalia sawasawa. Kuna wageni wa kulisha.

Sasa nisikilize vizuri. Axel asijue mpaka fainali ipite. Nimewaambia wote waliopo hapa, asimpigie mtu. Najua utaniona mtu wa ajabu, lakini fikiri pamoja nami. Akijua leo atafanya nini? Atapanda ndege, atafika kaburi limekwisha kufunikwa. Hatamwona Bibi, na hatacheza. Atakosa vyote viwili. Huyu mtoto tangu ana miaka kumi na mitatu anajinyima kila kitu kwa ajili ya jambo ambalo mimi sikuliheshimu. Nilikuwa nachomoa waya wa kompyuta yake ukutani. Nilimwita mvivu mbele ya watu wa kanisa, naye akatazama chini. Kama ipo siku moja ambayo naweza kumpa bila kumtwisha mzigo, ni Jumapili ile. Kulia kupo tu, kutamngoja.

Nikimpigia namwambia Bibi amelala. Si uongo kabisa.

Tangu tulipokaa dawati moja kwenye shule ya kujifunza Kiswidi, mimi nisiyejua Kiingereza na wewe usiyejua Kirundi, tukabaki na Kiswahili chetu hiki, nimekuomba mambo machache. Hili nakuomba.

Elvire

*

Hässelby
Jumanne, 19 Novemba 2024

Dada yangu Elvire,

Pole. Sina neno kubwa kuliko hilo, na hilo lenyewe ni dogo.

Nitafanya ulivyoomba. Sikubaliani nawe, na nitalisema mara hii moja tu, kisha ninyamaze. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tunaficha kilio chenyewe. Lakini mama wa mtoto ni wewe, na aliyefiwa ni wewe.

Jana nilikwenda Hjulsta. Njia nzima kwenye treni nilikuwa najifunza namna ya kujibu lile swali lake. Hakuuliza, Elvire. Hakuuliza kabisa. Alikula, akaosha sahani, zangu na zake, akaniuliza kama nimechoka. Nilipotoka nilisimama kwenye ngazi nikamshukuru Mungu kwa kuniepusha.

Kuna jambo la kile kipande cha salamu. Nisingeweza kukaa kwenye lile gari na kumrusha mtoto anamsalimia marehemu huku mwenyewe hana habari. Kwa hiyo nilimwendea Josefin, yeye peke yake, nikamweleza ukweli wote na kumwomba kipande kisionyeshwe. Alinishika mkono. Macho yake yalilowa. Akasema hakitafungua fainali, na mengine nimwachie yeye. Ni mtu mwema, nimefarijika.

Nitamwangalia Axel mpaka Jumapili. Wewe kula. Watu wa msiba husahau kula.

Rita

*

Mabanda
Jumamosi, 30 Novemba 2024

Rita,

Nilingoja wiki nzima uniandikie wewe kwanza. Hukuandika.

Jumatatu nilimpigia Axel nikamwambia habari za Bibi. Akasema, "Sawa, Mama. Pole." Kwa Kiswahili. Basi. Hakulia, hakuuliza alikufaje. Nikafikiri kushindwa ndiko kulikomkausha.

Baadaye nikampigia Colombe, yule wa kanisa letu la huko, naye ndiye aliyenieleza. Jumapili ile watu wetu wa huko Stockholm walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, walileta sambusa na chai, wakatundika kitambaa ukutani kuangalia mchezo wasiouelewa, kwa sababu ya mwanangu. Timu ikashindwa. Haidhuru, lazima mmoja ashindwe. Kisha mtangazaji akamsogelea Axel na kipaza sauti, na watu wote ukumbini wakasimama, maana Axel alikuwa amewaahidi wazee kwamba atawasalimia kwa Kirundi, ashinde au ashindwe. Uso wake ukaonekana. Hapo hapo picha ikakatwa, likaja tangazo la viatu. Picha iliporudi walikuwa washindi tu na karatasi zinazong'aa. Wazee wakabaki wamesimama. Colombe akauliza vijana wanaojua mambo hayo, akaambiwa anayekata picha ni wewe.

Uliniandikia mwenyewe kwamba unachosema ndicho dunia inachokiona. Sasa ulisema nini juu ya mwanangu? Hata aliyeshindwa hupewa nafasi ya kuaga. Ulikuwa umenikasirikia kwa lile nililokuomba? Au ulichoka tu, ukataka siku iishe? Kila barua uliniandikia uchovu, na sasa uchovu wako umemwangukia mtoto wangu.

Ule ufunguo mpe Colombe.

Elvire

*

Hässelby
Jumatano, 4 Desemba 2024

Mama Axel,

Ufunguo nimempa Colombe leo. Aliupokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Simlaumu.

Ni kweli, niliyekata ni mimi. Mtambo haukuharibika na sikubonyeza kwa bahati mbaya. Nilijua ni nani yuko kwenye picha. Zaidi ya hapo siwezi kukuambia, kwa sababu kuna neno nililopewa nilitunze, na mwenye neno si mimi wala si wewe.

Sikukukasirikia. Na si uchovu. Mtu aliyechoka huacha mambo yaende.

Siku hizi niko nyumbani, napumzika. Usimbane Axel kwa maswali.

Rita

*

Hjulsta
Jumanne, 10 Desemba 2024

Mama,

Kiswahili yangu ya kuandika ni mbaya. Nasema kwanza kwa mdomo, halafu naandika vile nimesikia. Kwa simu siwezi, kwa sababu nikisikia sauti yako nitasema det är lugnt na tutakata.

Tanti Rita hana kazi tena. Najua hajakuambia. Colombe alikuja hapa na ufunguo na akasema maneno juu yake, na mimi nikanyamaza. Nilitembea mpaka stesheni na kurudi, nikaona kwamba kunyamaza kwangu ni kubaya. Kwa hiyo sasa nasema.

Nilijua habari za Bibi kabla ya fainali. Binamu Roméo alinitumia picha ya kaburi siku ile ile ya mazishi, pamoja na pole. Yeye yuko Bujumbura, hakuna mtu alimwambia anyamaze, alidhani najua. Nilikaa bafuni nikafungulia maji ili wenzangu wasisikie. Kisha wewe ukapiga simu ukasema Bibi amelala. Nikasikia sauti yako vile ilikuwa inafanya kazi. Nikafikiri, Mama anabeba hii kwa ajili yangu. Nikimwambia najua, atakuwa ameibeba bure. Nikakuacha uibebe.

Asubuhi ya fainali Tanti Rita alikuja kwenye chumba cha wachezaji. Haruhusiwi kuja pale. Alifunga mlango akasema, "Axel, kaa." Uso wake nikauelewa. Nikasema, "Najua, Tanti. Usimwambie Mama kwamba najua." Basi akakaa yeye.

Nilipomuuliza kwa nini amekuja siku hiyo na si baadaye, akanieleza. Bosi wake, Josefin, alikuwa amempanga mtangazaji, anaitwa Sami, aniulize kuhusu Bibi jukwaani baada ya mechi. Nikishinda au nikishindwa, aniulize, na ile video yangu ya salamu ionyeshwe kwenye skrini kubwa nyuma yangu. Tanti aliwasikia kwenye hedifoni wakati wa majaribio ya asubuhi. Walijua kwamba mimi sijui, Mama. Yaani ningejua pale. Tanti alibishana naye. Josefin akamjibu kwa upole tu kwamba ukumbi mzima utalia pamoja nami, kuna ubaya gani watu kulia pamoja. Tanti akamwambia wale si watu wa matanga.

Mimi nikasema, "Nikiulizwa nitaanguka."

Akasema, "Cheza. Hutaulizwa."

Tulicheza vibaya. Si kwa sababu ya Bibi, wale wengine walikuwa wazuri kuliko sisi. Kisha Sami akaja na kipaza sauti. Alianza, "Axel, tunajua kwamba familia yako mwezi huu..." na kipaza sauti kikafa. Taa nyekundu ya kamera mbele yangu ikazima. Taa za jukwaa zote zikazima. Watu wakapiga mayowe, walidhani ni sehemu ya onyesho. Sami alisimama hajui afanye nini. Baridi ya barafu ilikuwa inapanda kwenye mbao mpaka kwa magoti. Nikalia pale, Mama. Nililia kwa sauti kabisa na hakuna mtu aliyeona. Tangu Roméo anitumie ile picha, ni hapo tu nilipata nafasi.

Wazee wa kanisa nitawasalimia mwenyewe, nitaenda.

Sasa wewe niambie mazishi. Nani alisema, mliimba nini, alivaa nguo gani. Nilikuwa nataka kuuliza Jumatatu ile lakini nilikuwa bado najifanya. Timu nimewaambia sichezi mpaka mwezi wa tatu. Nataka kuja huko.

Axel

*

Mabanda
Jumamosi, 14 Desemba 2024

Rita, mdogo wangu, kama bado unaniruhusu kukuita hivyo,

Axel ameniandikia. Barua niliipata kule juu karibu na kanisa, nikaisoma nimesimama katikati ya watu, na nilipofika mahali pa taa kuzimwa nikakaa chini kwenye udongo na sketi yangu ya Jumapili. Mama mmoja akaniletea maji, akaniuliza nani amekufa tena. Nikamwambia hakuna, nimeandikiwa na mwanangu.

Hajawahi kuniandikia, Rita. Ana miaka ishirini na sijawahi kupata kutoka kwake hata mstari mmoja wa lugha niliyomlea nayo. Kumbe alikuwa nayo.

Nimekutukana. Nimefikiri sana lipi baya zaidi, ufunguo au lile neno nililosema juu ya uchovu wako, na naona ni neno. Mimi nabeba wazee kwa mikono yangu kila siku, najua uchovu ni nini, na nilijua pia kwamba hapo nakupiga pabaya. Nilikuwa na msiba, lakini msiba haukunituma niandike vile.

Nilimpigia Colombe pale pale. Sikusogea pembeni. Nilimwambia yote kwa sauti, wakasikia wote waliokuwa wamejipanga. Atakuja kwako. Ukitaka mfungulie, ukitaka umwache mlangoni.

Lakini kwa nini hukuniambia umepoteza kazi? Uliandika tu kwamba unapumzika.

Elvire

*

Hässelby
Jumanne, 17 Desemba 2024

Dada Elvire,

Colombe alikuja, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo aliyoyatwanga mwenyewe, na ule ufunguo. Hatukuongea sana. Tulikula, akaniosha vyombo, akaenda zake.

Ningeweza kukuandikia kwamba yamekwisha, kwamba si kitu. Nimejaribu kuanza barua hivyo na nimefuta. Barua yako iliniuma kuliko kazi. Itapita, lakini bado haijapita, na afadhali ulijue hilo kuliko nikuchekee.

Kazi haikuondoka kwa kelele. Mimi nilikuwa naitwa kwa mashindano, na mkataba ulikuwa unaisha mwaka huu. Josefin alinialika kahawa, akaninunulia na andazi la mdalasini, akasema kwenye kiti kile wanahitaji mtu wa kuaminika. Hakuwa na hasira. Mpaka leo haoni alichokosea, na kinachonichosha ni kwamba si mtu mbaya. Nilimpa siri yako ili akulindie mtoto, naye akaona ni kitu kizuri cha kuonyesha watu. Hapo kosa ni langu pia. Nilimwambia ukweli mtu ambaye kazi yake ni kuonyesha.

Na kuna hili, ulisikie kwangu. Wewe uliandika kwamba uso wa Axel ulionekana kidogo kabla picha haijakatwa. Ulionekana kwa sababu mkono wangu ulikawia. Alikuwa kwenye kamera ya nne, karibu, taa inamwangukia upande mmoja, ameinua kidevu akingoja kupigwa. Katika miaka yangu yote sijawahi kuwa na picha kama ile mbele yangu. Josefin alikuwa ananiambia sikioni, kaa hapo, kaa hapo. Na nilitaka kukaa. Kisha nikazima. Axel anaamini nilizima mara moja. Sijamwambia vinginevyo.

Sasa nalala mchana, naamka giza limeingia, si unajua Desemba ya huku. Natembea mpaka ufukweni mwa ziwa Mälaren, naangalia mabata, narudi. Nikifumba macho bado nasikia kamera. Kamera ya pili, ya nne, ya pili. Sijui nitafanya kazi gani baadaye na leo sina nguvu ya kufikiri.

Axel amepita kuniaga. Amebeba sweta tatu kuja nazo Burundi. Nimemnyang'anya mbili.

Rita

*

Mabanda
Jumamosi, 28 Desemba 2024

Mdogo wangu Rita,

Axel alifika Jumatatu, mvua inanyesha, viatu vyake vyeupe vikafia njiani. Nilimpeleka kaburini kabla hajanywa hata maji, ndivyo alivyotaka. Kisha akaniuliza yote aliyoyaandika, na mengine, na mimi nikamjibu moja moja. Alipouliza tuliimba nini sikuweza kumwambia, ikabidi niimbe. Majirani wawili waliokuwa wanapalilia wakasikia, wakaweka majembe chini, wakaja kuimba nasi. Hapo ndipo nami nililia, Rita. Nilikuwa sijalia tangu tumzike.

Wanawake wa hapa walimuuliza kazi yake Ulaya ni nini. Akawaeleza kwa Kiswahili chake kile. Mmoja akasema, basi wewe ni askari usiyeua mtu. Akafikiri kwanza, kisha akakubali.

Baada ya hapo aliingia chumbani kwa Bibi akalala. Nilidhani atalala saa mbili tatu. Alilala mpaka kesho yake, akaamka akala viazi, akalala tena. Ibada ya Noeli ilimpita. Watu walikuja kumsalimia mtoto wa Ulaya, nikawaambia warudi siku nyingine. Mchungaji alikuja, naye nikamrudisha. Kule Sweden nilikuwa nikimkuta amelala mchana namvuta shuka. Safari hii nilifunga dirisha ili kuku wasimpigie kelele, nikalala na mimi kwenye mkeka, kando yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mkono wako ulikawia, ndiyo. Halafu ukazima. Mimi sina la kukudai juu ya hilo. Na kuhusu yale yangu ambayo bado yanakuuma, usiharakishe kuyamaliza kwa ajili yangu.

Jana Axel alikaa nje nami tukimenya maharage, akauliza kama wewe siku hizi unapata usingizi. Nikamwambia hupati, umeandika kwamba ukifumba macho unasikia kamera.

Akamenya kidogo, kisha akasema, "Mwambie aje huku. Hakuna hata moja."

Basi nakuambia. Kitanda kipo, na godoro tumelianika leo juani. Njoo ulale.

Dada yako,
Elvire